Kidato cha sita kibaki palepale, hata kikiwa na wanafunzi saba

Swali lenu la wiki hii linauliza kama wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wabaki katika shule moja na wadogo wa kidato cha kwanza, au watengewe shule zao wenyewe. Jibu langu ni kwamba wabaki, na ninalitoa nikiwa nimeonja njia zote mbili. Nilisoma kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania katika shule ya bweni iliyokuwa na vidato hivyo viwili tu, na kwa miaka tisa sasa ni fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari ya serikali huko Leicestershire, katikati ya Uingereza, inayompokea mtoto akiwa na miaka 11 na kuweza kumlea hadi anapofikisha 18.

Waingereza ndio waliotuachia jina la kidato cha sita, ingawa kwao halina maana ileile. Zamani mwanafunzi wao alifanya mtihani wa kawaida akiwa kidato cha tano, na aliyevuka aliingia kidato cha sita na kukaa humo miaka miwili, wa chini na wa juu. Sisi mtihani huo tunaufanya kidato cha nne, kwa hiyo miaka miwili inayofuata ikapata namba mbili. Siku hizi shule zao zinahesabu kuanzia mwaka wa 7 hadi wa 13, lakini ile miaka miwili ya mwisho bado inaitwa kidato cha sita, kwa mazoea tu.

Shule ninayofanyia kazi ni ya aina ambayo kwa Kiswahili ningeiita sekondari ya wote. Haina mtihani wa kuingilia, na inawapokea watoto wa mitaa inayoizunguka bila kuuliza nani ana akili za darasani na nani hana. (Umbali kutoka nyumbani hadi shuleni ndio huamua mara nyingi, na ndiyo maana nyumba zilizo karibu na shule yenye sifa hupanda bei, hilo linastahili swali lake la wiki.) Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Chini ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, watoto wengi wa Uingereza walichujwa kwa mtihani wakiwa na miaka 11: wachache walikwenda shule za kitaaluma zilizokuwa na kidato cha sita, na waliobaki wakapelekwa shule ambazo kwa kawaida mtu alizimaliza akiwa na miaka 15, akaenda kutafuta kibarua. Mwaka 1965 serikali ya chama cha Labour, kupitia waziri wake wa elimu Anthony Crosland, ilizitumia mamlaka za elimu za mikoa waraka wa kuziomba zipange namna ya kuondokana na mchujo huo. Baadhi ya maeneo, Kent likiwa mojawapo, hayajauacha mpaka leo.

Jambo lililonivutia nilipoanza kuisoma historia hiyo ni kwamba ukubwa wa zile shule za wote za mwanzo ulitokana kwa sehemu kubwa na kidato cha sita. Kidbrooke, shule ya wasichana iliyofunguliwa kusini-mashariki mwa London mwaka 1954, ilijengwa kwa ajili ya wanafunzi wapatao 2,000. Hesabu ya wapangaji ilikuwa nyepesi: ukipokea watoto wa kila kiwango, na ukijua kwamba wengi wataondoka mapema, unahitaji umati huku chini ili upate darasa la maana kule juu. Hesabu hiyo bado inazisumbua shule, na nitairudia.

Naomba kwanza niwaonyeshe chumba changu. Ni chumba chembamba cha maandalizi kilicho kati ya maabara mbili, chenye sinki, makabati ya kemikali yenye kufuli, na toroli linalolia gurudumu moja. Jumanne moja ya Novemba nilikuwa nimepanga vyombo vya madarasa mawili kwenye toroli hilo: ngazi ya chini maji ya kabichi jekundu, siki na maji ya sabuni kwa watoto wa mwaka wa 7, ambao wangeona rangi zikigeuka na kujifunza asidi ni nini, ngazi ya juu bureti saba, ile mirija mirefu ya kioo yenye vipimo, kwa wanafunzi saba wa kemia ya A-level, ambao wangepima asidi ileile, safari hii kwa kusoma mstari hadi sehemu ya ishirini ya sentimita moja ya ujazo. Darasa la wakubwa lilikuwa limeshaanza. Wadogo walipokuwa wamepanga foleni kwenye korido, mmoja wao alibandika pua kwenye kioo cha mlango wa maabara, na msichana aliyekuwa ndani, badala ya kumfukuza, akainua chupa yake hadi kwenye kioo ili mtoto aone ile waridi iliyofifia inayojitokeza tone la mwisho linapotosha. Mtoto akanigeukia na kuniuliza wao watafanya lini. Nikamwambia baada ya miaka mitano. Akahesabu kwa vidole, akasema basi atakuwa na miaka 16, kisha akaingia darasani kwake kuchezea kabichi.

Sijui kama atafika. Aliyoyaona yeye, mimi katika umri wake sikuyaona. Nilisoma kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa wingi baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari kuanza mwaka 2004, na kwa miaka yote minne sikuwahi kukutana na mwanafunzi wa kidato cha sita. Tulijua wapo, kama tunavyojua kuna watu wanaoishi Mafinga. Tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na cha sita, tulizisikia kwa herufi zake tu, PCB, HGL, EGM, na tulizijaza kwenye fomu bila kumwona hata mtu mmoja anayezisoma. Matokeo yalipotoka nikapangiwa shule iliyo mwendo wa siku mbili kwa basi, nikabeba tranka, godoro, ndoo, fagio la chelewa na rimu ya karatasi kama fomu ya kujiunga ilivyoagiza, na wadogo zangu wakanisindikiza hadi stendi. Kitabu changu cha fizikia hawakukiona kikifunguliwa.

Huku, wakubwa wanaonekana kila siku, tena wanaonekana katika hali zao zote. Hawavai sare, wanatakiwa kuvaa nguo za heshima kama za ofisini, jambo ambalo wavulana hulitafsiri watakavyo. Wana vipindi vitupu vya kujisomea, ambavyo nusu yao huvitumia kujisomea kweli. Kila Alhamisi asubuhi baadhi yao huketi na watoto wa mwaka wa 7 wanaosoma kwa shida, mkubwa mmoja na mdogo mmoja, dakika ishirini. Wamo pia walioshindwa hisabati katika mtihani wa miaka 16, kwa kuwa Uingereza asiyepata daraja la 4 katika hisabati au Kiingereza analazimika kuendelea na somo hilo huku akisoma mengine. Mdogo anapomwona kaka wa miaka 17 akirudia hisabati bila kujificha, anapata somo ambalo halimo kwenye ratiba.

Wafanyakazi wenzangu waliokaa hapa siku nyingi wana ushahidi mzuri kuliko wangu. Kuanzia mwaka 1957 Leicestershire ilikuwa na mpango wake wa pekee, ambao ulimfanya mtoto ahame shule katikati ya sekondari, na baadaye ikawa kawaida kuhama akiwa na miaka 14. Shule yetu ilikuwa ya wakubwa, wa miaka 14 hadi 18. Katika miaka ya 2010 shule nyingi za huku ziliuacha mpango huo, nasi tukaanza kupokea watoto wa miaka 11. Mwalimu mmoja wa biolojia aliyeishi nyakati zote mbili ananiambia kwamba zamani korido zilikuwa kimya zaidi na kazi ilikuwa rahisi zaidi, na kwamba hatamani kurudi huko.

Sasa nirudi kwenye ile hesabu, kwa sababu wanaotaka kutenga wana hoja. Wanafunzi saba wa kemia ni ghali. Fedha ambazo serikali hutoa kwa mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 ni pungufu kuliko zile za mwanafunzi wa chini yake, kwa hiyo darasa dogo la juu hulishwa na madarasa makubwa ya chini, na wazazi wa chini wakijua hawafurahi. Ndiyo maana mwongozo wa serikali huitarajia shule inayotaka kuanzisha kidato cha sita iwe na wanafunzi wapatao 200 na masomo yasiyopungua 15. Sisi hatujafikisha hao 200. Miaka miwili iliyopita Kifaransa kilifungwa kwa kukosa watu, na msichana aliyetaka kukisoma pamoja na kemia na muziki akawa anapanda basi mara tatu kwa wiki kwenda shule jirani, akikosa chakula cha mchana siku mbili kati ya hizo. Huko Hampshire, ambako watoto wengi huhamia vyuo vya kidato cha sita vyenye maelfu ya wanafunzi, angeupata mchanganyiko wake chini ya paa moja. Na hata hivyo ni mchanganyiko ambao tahasusi zetu za nyakati zangu zisingeuruhusu kabisa.

Hoja ya pili ni ya kwetu Tanzania, nayo ni nzito zaidi kwangu. Shule ya bweni ya mbali ilinikutanisha na Mhaya, Mpemba na Mmakonde katika bweni moja, na mpaka leo watu ninaowapigia simu nikikwama ni hao. Nisingewapata katika kata yetu. Anayetaka shule hizo zifutwe hatanipata upande wake.

Ninachokiomba ni kitu kidogo kuliko kuzifuta. Shule kadhaa za kata zimekuwa zikipandishwa hadhi na kuongezewa kidato cha tano na cha sita, na ile niliyosoma mimi imo. Dada yangu anayefundisha wilaya hiyo ananieleza kwamba mabweni na maabara mpya vimejengwa ng'ambo ya uwanja, vimezungushiwa uzio, na wanafunzi wa kidato cha kwanza hawaruhusiwi kuvuka geti, wasije wakawasumbua wakubwa. Maabara ya upande wa wadogo haina hata bomba la maji. Ningekuwa na sauti katika bodi ya shule ile, ningeomba wadogo wapewe vipindi viwili kwa wiki katika maabara ya wakubwa, na geti liachwe wazi mchana.