Kabla Hujamwita Fundi Rangi

Nilipokabidhiwa shule ya msingi wilayani Chamwino, hatua yangu ya kwanza ilikuwa kumwita fundi rangi. Kando ya mlango wa ofisi akaandika tunu sita kwa bluu: Uadilifu, Uwajibikaji, Uzalendo, Ubunifu, Ushirikiano, Nidhamu. Mwaka ulipokaribia kwisha nikamuuliza mtoto wa darasa la nne uwajibikaji ni nini. Alilitazama neno ukutani, akalisoma vizuri silabi kwa silabi, kisha akanyamaza. Kosa halikuwa lake. Kwa mwaka mzima hakuna aliyemwonyesha.

Mwalimu mwenzangu unayepanga kuandika tunu za shule yako, nakusihi fundi asubiri. Anza kwa kuuliza watu kinachowauma.

Sisi tulikaa chini ya mkwaju: walimu, wajumbe wa kamati ya shule, viranja, mlinzi, na mama anayetupikia uji. Usimwache mpishi, maana anaona mengi ambayo ofisini hayafiki. Walimu tulitaja utoro. Mlinzi akataja miche inayokauka. Dada mkuu alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kuchekwa."

Watoto wetu wengi nyumbani wanaongea Kigogo. Kiswahili cha darasani wanakipata karibu siku ileile wanayoanza kuzijua herufi. Mtoto anasimama kujibu, anachanganya maneno, darasa zima linaangua kicheko, na mara nyingine mwalimu naye anatabasamu. Kesho yake hanyooshi mkono. Baada ya wiki mbili unamkuta machungani na mbuzi. Utoro tuliokuwa tunaupambania kwa fimbo na barua kwa mtendaji wa kijiji ulikuwa unazaliwa mle mle darasani, mbele ya macho yetu.

Ndipo tukaandika tunu ya kwanza kwa lugha ya watoto wenyewe: Hatumcheki anayejaribu. Zilizofuata zilikuwa mbili tu: Tunasema kweli, na Cha wote tunakitunza. Nakushauri uandike vitendo, kwa sababu kitendo kikifanyika au kisipofanyika hata mtoto wa darasa la kwanza anaona.

Tulikubaliana kicheko kikitokea, mwalimu asimamishe somo, amgeukie aliyechekwa na kumwambia, "Endelea, tunakusikiliza." Kisha asubiri amalize, hata kama kengele imegonga. Mwalimu mmoja aliyehamia kwetu kutoka Kagera akaongeza lake: siku za zamu yake alisalimia mstarini kwa "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, huku matamshi yakimpiga chenga. Watoto wakamrekebisha kwa upole. Nadhani siku hiyo walijifunza kuliko siku zote nilizowahubiria.

Tunu ya pili ilinigusa mimi. Asubuhi moja nilifika saa mbili kasorobo, nikaandika saa moja na robo kwenye kitabu cha mahudhurio. Mama mpishi, ambaye alikuwa akichota maji nilipoingia getini, hakunisema mbele ya watu. Alikuja baadaye ofisini na kusema, "Mwalimu, watoto wanaona." Kesho yake nikasimama mstarini nikaeleza nilichoandika na saa niliyofika kweli. Miguu ilitetemeka. Wiki hiyohiyo mvulana mmoja alileta kalamu tatu zilizopotea darasa la sita, akasema yeye ndiye aliyezichukua. Sikumchapa. Ukimchapa mtoto aliyekuja mwenyewe na ukweli, hutamwona tena akija.

Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, madarasa yetu yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kumfikia kila mtoto. Kwa hiyo kila Januari darasa la awali walifundishwa tunu zile tatu na wanafunzi wa darasa la sita, wakiwashika mkono na kuwapitisha chooni, jikoni na kwenye miche. Mwalimu mgeni naye alipitishwa hivyohivyo.

Iliyotutesa zaidi ni ya tatu. Ya miche ilikuwa rahisi: mvua zetu zinanyesha Desemba hadi Aprili, kwa hiyo miezi mingine yote kila darasa lilikuwa na mistari yake na madumu yake. Ugumu ulikuja mwaka wa ukame, uwele ulipokauka mashambani na nusu ya wazazi wakashindwa kuleta mchango wa nafaka. Kwenye kamati wengine walitaka mtoto ambaye nyumbani kwao hawakuchangia asipewe uji. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wametoa debe lao kutoka kwenye ghala lililokuwa likiisha.

Tulibishana hadi jua likazama. Mzee mmoja akauliza kama "cha wote" maana yake ni wote waliochangia au wote waliopo. Kama tungebaki na neno Ushirikiano, nina hakika hakuna ambaye angeuliza hivyo.

Tukaamua watoto wote wanywe. Wazazi watatu walikasirika wakaacha kuchangia, na mmoja wao hakunisalimia tena mpaka nilipohamishwa. Mama mpishi aliongeza maji sufuriani, na uji ukawa mwepesi hivyo hadi mavuno.