Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Kopo la Soda

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa kidato cha pili ameambiwa shuleni kwamba kopo tupu linaweza kupiga picha ya njia ya jua kwa miezi mfululizo, bila lenzi wala betri. Je, ni kweli? Na picha hiyo tutaisafisha wapi, ilhali studio zilizokuwa zikisafisha filamu mtaani kwetu zilifungwa zamani? — Mzazi, Mwanza.

JIBU: Ndugu mzazi, ni kweli kabisa, na picha ya aina hii, iitwayo solagrafu, haihitaji dawa ya kusafishia. Mwaka 2012 Regina Valkenborgh, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire nchini Uingereza, alifunga kopo la bia lenye karatasi ya picha ndani yake katika kituo cha kuchunguzia nyota cha Bayfordbury. Kopo lilisahaulika huko hadi Septemba 2020, na lilipofunguliwa, karatasi ilikuwa na mistari 2,953 ya mapito ya jua.

Kazi yote iko kwenye tundu dogo linaloingiza nuru badala ya lenzi, nami nawasihi msiliharakishe. Kateni dirisha dogo ubavuni mwa kopo, kisha tundu lenyewe mlitoboe kwenye kipande cha bati laini kilichotoka kwenye kopo jingine, kitakachobandikwa juu ya dirisha hilo. Kilazeni juu ya kadibodi, mkandamize ncha ya sindano huku mkiizungusha taratibu, msugue kwa msasa laini uvimbe unaojitokeza upande wa pili, na mrudie hadi ncha tu ipenye. Kwa kopo la soda, lenye kipenyo cha milimita 66 hivi, tundu lifaalo lina upana wa takriban milimita 0.35; sindano ikipita mwili mzima, nuru itaingia kwa wingi na mistari itavimba.

Karatasi iwe ile ya picha nyeusi na nyeupe inayoathiriwa na nuru, hata kama muda wake umepita, wala si karatasi ya printa. Ikunjeni ndani ya kopo mkiwa kwenye chumba chenye giza, pasipo kuziba tundu, kisha mzibe mdomo wa kopo kwa kadibodi nyeusi na tepu ya mafundi umeme, maana maji ya mvua ndiyo adui mkubwa.

Kwenu Mwanza msifuate maelekezo ya Ulaya ya kuelekeza kopo kusini. Karibu na Ikweta jua hupanda karibu wima na adhuhuri hupita juu mno, mahali ambapo kopo lililosimama halioni. Lielekezeni mashariki, mlifunge imara lisitikisike, mkianza karibu na tarehe 21 Juni na kufungua karibu na tarehe 21 Desemba, ili karatasi ipate upana wote wa safari ya jua kutoka kaskazini hadi kusini. Siku za mawingu zitaonekana kama mistari iliyokatika. Mkishafungua, ipitisheni karatasi kwenye skana mara moja tu, kwa sababu nuru ya skana nayo huiathiri, kisha mgeuze rangi kwa kompyuta.

SWALI: Je, lenzi ya kamera ni lazima itoke kiwandani? — Mwanafunzi, Morogoro.

JIBU: Hapana. Miroslav Tichý (1926–2011), wa mji wa Kyjov katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, alijiundia kamera kwa kadibodi na vibao, akakata lenzi kutoka plastiki ngumu na kuing'arisha kwa dawa ya meno iliyochanganywa na majivu ya sigara. Wewe anza na kioo cha miwani ya kusomea chenye namba +4, ambacho hukutanisha nuru ya vitu vya mbali kwenye umbali wa sentimita 25. Tengeneza maboksi mawili yanayoingiana ili uweze kurekebisha umbali huo, na mbele ya kioo weka kadibodi yenye tundu la sentimita 1, kwa kuwa kingo za kioo cha miwani hufifisha picha.