Usimwogeshe Chesapeake kila wiki

Ndugu, umeuliza kama mbwa wako wa aina ya Chesapeake Bay Retriever aogeshwe kwa shampuu kila wiki kwa kuwa manyoya yake yana mafuta. Hapana, acha kabisa. Mafuta hayo ndiyo kinga yake. Manyoya ya juu ni magumu na mafupi, hayazidi sentimita 4, na chini yake kuna mengine mazito kama sufi. Mafuta yakiisha, maji hupenya hadi kwenye ngozi, mbwa anatetemeka na ngozi inakauka. Shampuu laini kila baada ya miezi 3 au 4 inatosha. Akitoka baharini, msuuze chumvi kwa maji matupu, kisha inua masikio uyakaushe kwa pamba; yakilala na unyevu, fangasi huanzia hapo.

Umesema pia kwamba mbwa wako ni mkali. Huo unaouita ukali ni ulinzi. Ukoo wake unahusishwa na Sailor na Canton, watoto wa mbwa waliookolewa kwenye meli iliyokuwa ikizama pwani ya Maryland, Marekani, mwaka 1807. Wawindaji wa bata waliwataka mbwa wa kuokota windo kwenye maji ya barafu, na kulilinda pia. Ukimfokea atagoma. Mfundishe kwa vipindi vifupi, dakika 10 hivi, na umzoeshe wageni angali mdogo.