Barua kwa Akinyi: niambie walivyorudi

Mama,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema huko kazini Kampala mlibishana mkila chakula cha mchana. Mganda mmoja alisema nchi yao ndiyo ya wacha Mungu maana ina mashahidi, wale waliouawa kwa ajili ya imani. Wewe ukaitetea Kenya kwamba kila kona ina kanisa. Yule Mtanzania akawa anacheka tu. Sasa unaniuliza mimi dereva niliyewabeba watu wa dini katika nchi zote tatu: nani anaishika dini kuliko mwenzake?

Kwamba kila kona ina kanisa, hapo hukudanganya. Tangu uondoke hapa Manyatta, Kisumu, yameongezeka mengine, moja la mabati na moja la turubai, na spika zao zimeelekezana kama majogoo ya nyumba mbili. Jumapili asubuhi sijui naombewa na nani. Mama yako anasema nalalamika kwa sababu mimi mwenyewe sisali vya kutosha. Huenda. Lakini Jumapili hiyo hiyo ndiyo siku soko la Kibuye linafurika kuliko siku zote, pale pale ubavuni mwa kanisa kuu la Mtakatifu Theresa, na mtu anatoka misa na rozari mkononi akaenda kumwapia mteja kwamba suruali ile ya mtumba haijawahi kuvaliwa.

Hesabu nazo hazitakufikisha mbali. Sensa yetu ya 2019 iliwapata Wakenya 755,750 wasio na dini katika watu zaidi ya milioni 47, na mmoja wao ni baba yako mdogo Ouma. Alimwambia karani hivyo hivyo, mkavu, mimi nikiwa nimeketi hapo. Na wewe unajua ni nani huchimba kaburi kila msiba ukitufika, na ni nani hulala nje na wafiwa. Waganda walijihesabu mwaka 2014, Wakatoliki wakawa kama 39 kwa mia na Waanglikana 32. Tanzania hawaulizi kabisa; swali la dini waliliacha baada ya sensa ya 1967, na nadhani walifanya la busara. Kisha kuna wale Wamarekani wa Pew, shirika la utafiti, waliotoa ripoti yao mwaka 2010 baada ya kuhoji watu zaidi ya 25,000 katika nchi 19 za Afrika, zetu tatu zikiwemo. Wengi mno walijibu kwamba dini ni jambo muhimu sana maishani mwao. Sasa nani atamwambia mgeni mwenye kalamu kwamba Mungu si muhimu?

Kipimo changu unakijua, nimewachosha nacho tangu mkiwa shule ya msingi: usiniambie walivyokwenda, niambie walivyorudi. Kwenda, kila abiria ni mtakatifu. Anaimba, anamwachia mzee kiti cha mbele, anagawa ndizi. Dereva ukitaka kuwajua watu wako, subiri wageuze nyuso kuelekea nyumbani.

Chukua mwaka 2011, ule wa kikombe cha dawa kule Tanzania. Ulinuna sana kwamba hukupelekwa Loliondo. Kundi la maombi la Kondele lilikodi Nissan yangu, na kiongozi wao, ambaye jina lake halitoki kinywani mwangu (mama yako analijua), tukapatana nusu ya malipo kabla ya kuondoka na nusu tukirudi. Mama, wale watu waliimba! Mapambio kutoka Kondele hadi Nakuru bila kupumua. Namanga waliwaombea maofisa wa uhamiaji kwa sauti, wakiwa wamesimama mbele ya dirisha lao, ili Bwana aiguse mikono yao wagonge mihuri upesi. Ofisa mmoja aliinamisha kichwa, sijui kwa ibada au kwa kicheko.

Nissan niliiacha Mto wa Mbu, barabara ya mbele haikuwa ya gari lile. Tukakodi Land Cruiser ya dereva wa Arusha, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Vumbi lile bado ninalo kifuani. Tulipita chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai wanauhesabu kuwa wa Mungu, na hakuna mwombaji hata mmoja aliyeinua macho. Wote walikuwa wamejifunika leso usoni. Kisha foleni. Magari hadi macho yanachoka, malori, mabasi, pikapu zenye wagonjwa juu ya magodoro. Kijiji cha Samunge kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500 za Tanzania, ambazo hazikufika 30 za kwetu. Walikuwepo masheikh na makasisi, wakubwa kwa wadogo, na namba za magari za nchi zote.

Ukitaka kulinganisha majirani, hapo ndipo ungekuja na daftari lako. Sisi tulijulikana kwa mbali. Tulikuwa na spika. Tulikesha tukikemea. Kiongozi wetu siku ya pili aliona kwamba kwa kuwa sisi tumetoka nchi nyingine, na tena tuko katika huduma, tunastahili kupitishwa mbele, akaenda kumtafuta polisi wa kuzungumza naye vizuri. Yule dereva wa Arusha alikuwa anamenya chungwa. Akasema, "Kaeni, zamu itafika," akaendelea kumenya. Alasiri alitandika mkeka nyuma ya gari, akaswali, akaukunja. Nilimuuliza imekuwaje Mwislamu anawaleta watu kwa mchungaji wa Kilutheri. Akaniambia hata yeye amekunywa, kwa ajili ya mgongo. Nikauliza kama umepona. "Nimeacha kuufikiria," akasema.

Zamu ikafika, wasaidizi wakapitisha vikombe vya plastiki dirishani, tukanywa ule mti wa mugariga uliochemshwa, basi. Shangazi yako nilikuwa nimemwonya mapema: kikombe ni kikombe na dawa ya sukari ni dawa ya sukari, usiache hata moja.

Sasa wakarudi. Pambio hata moja sikulisikia. Kutoka Mto wa Mbu hadi Namanga ilikuwa ni nani alikula mkate wa nani, na nani alinunuliwa maji hakurudisha. Gurudumu lilikuwa limepasuka njiani, dereva wa Arusha akalibadilisha jua kali asidai senti zaidi ya tulizopatana. Wa kwetu walikaa kivulini wakigombana juu ya sadaka iliyochangwa kwenye foleni, iko wapi. Tulipofika Ahero kiongozi akasema anashuka pale kuna mgonjwa wa kuombewa. Nikamkumbusha nusu yangu. Akaniwekea mkono begani: "Baba Akinyi, Mungu atakulipa." Akachukua mkoba wake, akaenda.

Ile nusu ilikuwa karo yako ya muhula wa pili. Ile wiki uliyokaa nyumbani ukadhani nimesahau, sasa umejua. Mungu nimemkumbusha deni hilo mara kadhaa, kwa adabu.

Utaniambia, basi Baba, Watanzania wameshinda. Ngoja kwanza. Hata mimi niliishi na fikra hiyo muda mrefu, kisha nikaanza kujibishana nayo. Dereva mmoja si nchi. Na utulivu wao una historia, umetokana pia na Nyerere, Mkatoliki wa misa za kila siku aliyewafundisha kwamba serikali haina dini ingawa wananchi wanazo. Kiongozi wao akipanda jukwaani anaanza na "Tumsifu Yesu Kristo", anafuata "Bwana asifiwe", anamalizia na "Asalaam aleikum", asimwache mtu nje. Ni adabu nzuri, natamani ingevuka mpaka wa Isebania ije kwetu. Lakini adabu ni adabu. Wale wale wa Pew walikuta zaidi ya nusu ya Watanzania wakiamini kwamba kafara kwa mizimu au kwa mababu inaweza kumkinga mtu na mabaya. Mwenzako akicheka tena, muulize hapo.

Na Waganda? Namugongo unaijua, ni karibu na unapoishi. Miaka ile nikiwabeba akina mama wa parokia kwenda sikukuu ya tarehe 3 Juni, siku walipochomwa Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mimi nilikuwa nawatazama zaidi wale wa miguu. Wanatoka Busia, Tororo, wengine huku kwetu Bungoma, siku nyingi barabarani, malori yakiwapita karibu kiasi cha kuwavua kofia. Inatia moyo kuona. Lakini kurudi, mwanangu, wote wanapanda mabasi, na siwalaumu.

Ila mmoja. Mwaka mmoja tulikuwa tunarudi, tumeipita Iganga, rejeta ikaanza kuchemka. Nikasimama kando. Ndani ya gari mama yako na mama Atieno walikuwa hawasemezani kwa sababu ya kiti cha dirishani, usimwambie nimekuandikia. Akatokea bibi mmoja mzee kwa nyuma, peke yake, anatembea kuelekea mashariki, dumu la lita tano la maji ya Namugongo kichwani. Raba zake zilikuwa zimekatwa visigino, na visigino vyenyewe amevifunga vipande vya leso. Tulimpa kiti. Alikataa, akaeleza kwamba aliahidi kwenda na kurudi kwa miguu. Soda alikubali, akaifungua kwa meno. Kisha akaliangalia gari linavyotoa moshi, akashusha dumu, akaniambia nifungue. Nikamwambia, hapana mama, hayo ni maji ya baraka, umeyatoa mbali. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akanisukuma, akayamimina mwenyewe kwenye rejeta, nusu dumu nzima, akajitwika yaliyobaki akaenda zake. Akina mama wakatoka garini wakaanza kuimba, safari hiyo kwa kweli, hata wale wawili wenye kiti chao.

Nimelisimulia hili mara nyingi, najua. Lakini kuna jambo ambalo huwa siliongezi. Bibi yule alizungumza Kiteso na mmoja wetu wa Amagoro. Na Wateso wako huku na wako kule, mpaka ulichorwa katikati ya mashamba yao. Tulipomuuliza nyumbani ni wapi alionyesha mbele kwa midomo. Huko mbele kuna Uganda na kuna Kenya. Sasa huyo, katika ubishi wenu wa chakula cha mchana, nimwandikie nani?

Kuna pengo jingine katika kipimo changu, na nilijaribu kulizungumza na baba mdogo Ouma tukakosana. Wapo wasiorudi. Lwanga hakurudi. Wala Waislamu waliouawa kabla yao chini ya Kabaka Mutesa, ambao hatuwatengei hata wimbo. Lakini Kanungu, huko huko Uganda, nako hawakurudi, mamia ya watu wa dhehebu moja mwezi Machi 2000 katika kanisa lililowaka moto. Na Shakahola, hapa kwetu, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi wafe. Ouma anasema hiyo ndiyo dini, yote ni ile ile. Mimi nasema mashahidi waliuawa na mwingine kwa kukataa kutii, na Shakahola kulikuwa na watoto ambao hawakuchagua lolote, walinyimwa chakula tu. Akanijibu kwamba nimeanza kuhubiri, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Sijaridhika na jibu langu, lakini lake sikulipenda zaidi.

Na nisije nikaonekana naichukia nchi yangu. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo, ambaye tulikuwa naye hapa Kisumu kabla hajahamia Nairobi, alizikataa fedha ambazo Rais alikuwa ametoa katika parokia ya Soweto, huko huko Nairobi, akaagiza zirudishwe. Zirudishwe! Mama yako alinitazama akijua nitasema nini, nami nikasema.

Swali lako najua sijalijibu. Ungekuwa hapa ungenibana, na ukinibana sana huenda ningetaja nchi moja, kwa sauti ndogo, halafu nikaikana kabla ya chai kupoa. Ninashuku pia lina swali jingine ndani yake, la huyo Mtanzania anayecheka tu, ambaye mwaka huu umemtaja zaidi ya bosi wako. Hilo utaniuliza ukiwa tayari. Sina neno na Watanzania.

Mama yako anakwenda tena Namugongo na jumuiya yake. Gari ni la kijana wa Mamboleo, mimi ni abiria. Tutafika kwako usiku wa tarehe 2, watu saba au wanane. Tafuta magodoro kwa majirani mapema, na chumvi iwe kidogo, shangazi yako presha imepanda.

Baba yako