Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Transfoma na Moto wa Plazima

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Ngamiani, Tanga. Mashine yangu ni ya zamani, hupozwa kwa mafuta, na aliyeniuzia mafuta hayo alisema yametoka kwenye transfoma kuukuu. Nimesikia kwamba mafuta ya aina hiyo huweza kuwa na sumu, na kwamba nchi za nje huyaangamiza kwa moto wa umeme uitwao plazima. Ni moto gani huo? Na kwa nini nisiyachome tu katika pipa nyuma ya karakana?

JIBU: Ndugu fundi, naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari ya leo: tafadhali usiyachome. Baadhi ya transfoma zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zilijazwa kemikali ziitwazo PCB, zenye klorini ndani yake, ambazo zilipendwa kwa sababu hazishiki moto upesi. Moto wa pipa hupanda na kushuka, nao huzivunja nusunusu tu, na katika kuvunjika huko huzaliwa dioksini na furani, ambazo ni sumu kali kuliko PCB zenyewe. Sumu hizo hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi, na mama humpitishia mtoto kwa maziwa yake.

Plazima unaifahamu tayari. Ule mwanga unaoutazama kila siku kupitia kioo cheusi ni gesi iliyopashwa joto mpaka elektroni zikabanduka kutoka katika atomi, hata gesi yenyewe ikaanza kupitisha umeme. Moto wa asetilini na oksijeni huishia kwenye nyuzi 3,100 hivi za Selsiasi, ilhali tao la umeme hupita 5,000, na katika mitambo maalumu hupita hata 10,000. Katika joto hilo hatuwezi kusema tena kwamba kitu kinaungua, kwa maana kuungua ni kitu kuungana na oksijeni, na hapa joto lenyewe ndilo linalofanya kazi. Molekuli husambaratika tu, ikabaki kaboni, haidrojeni na klorini, kila moja peke yake.

Australia ilianza kutumia mtambo wa namna hiyo, uitwao PLASCON, katika miaka ya 1990. Mafuta yenye sumu hunyunyizwa ndani ya plazima ya gesi ya agoni, yakapita humo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kwa umeme wa kilowati 150 hivi mtambo mmoja huweza kumaliza kati ya tani 1 na 3 kwa siku.

Hata hivyo, watu husifu joto na kusahau kinachofuata, ambacho kwa maoni yangu ndicho kipimo cha mtambo mzuri na mbaya. Atomi zilizotengana hutafuta kuungana tena, na gesi ikiachwa ipoe polepole, hasa inapopita kati ya nyuzi 450 na 200, dioksini hujijenga upya. Ndiyo maana gesi hupozwa ghafla kwa maji yenye soda kali, na klorini hufungwa ikawa chumvi. Mtambo usio na sehemu hiyo, hata ukiwa na joto la jua, nisingependa ujengwe jirani na watu.

Taka ngumu nazo, kama vile asbesto, huyeyushwa zikageuka jiwe mfano wa kioo, karibu na yale mavi ya chuma unayoyabandua kwa nyundo baada ya kuchomelea. Ufaransa, huko Morcenx, asbesto imekuwa ikiyeyushwa hivyo kwa miaka mingi. Kwa taka za kawaida za majumbani habari ni nyingine: umeme ni ghali, na taka zilizochanganyika huusumbua mtambo. Mradi mkubwa wa Tees Valley nchini Uingereza uliachwa mwaka 2016 kabla haujafanya kazi ipasavyo. Plazima inafaa taka chache zenye sumu nyingi, wala si jalala la mji.

Sasa mashine yako. PCB hazitambuliki kwa macho wala kwa harufu. Maabara pekee ndiyo huthibitisha, na kiwango kinachoangaliwa chini ya Mkataba wa Stockholm, yaani mapatano ya kimataifa kuhusu kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu, ni sehemu 50 katika milioni. Mkataba huo unazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, zijitahidi kuzisimamia taka hizi kwa njia salama ifikapo 2028. Kwa hiyo usiyamwage mafuta hayo, usiyauze, wala usimpe mtu akakaangie. Ikiwa mashine inavuja, isimamishe, kinga mafuta kwa chombo cha chuma chenye kifuniko, vaa glavu zisizopenyeza mafuta, andika juu ya chombo kilichomo ndani, kisha umwarifu ofisa mazingira wa jiji au Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ukiomba yapimwe. Vitambaa na mchanga uliotumia kufutia viweke katika chombo hicho hicho, visiende jalalani.