Kitulo kwa baiskeli: hesabuni mita za kupanda kabla ya kilomita

SWALI: Sisi ni marafiki wanne wa Dar es Salaam. Mwisho wa wiki tunaendesha baiskeli za milimani, na kilomita 80 kwa siku kwetu ni jambo la kawaida. Mwezi Februari tunataka kuanzia Chimala, tupande Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kuona maua, tupite Bulongwa, kisha tushuke kwa njia ya miguu hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Tumepanga siku tatu, tukilala kwenye mahema. Baiskeli zetu zina meno 32 mbele, na gia kubwa ya nyuma ina meno 36. Mpango huu unawezekana? Tubebe nini?

JIBU: Safari ya Kitulo inawezekana, tena ni katika safari nzuri kabisa ambazo mwendesha baiskeli anaweza kuzifanya nchini. Ila kwa siku tatu, mwezi Februari, na kwa njia hiyo ya kushukia, nawashauri msiende. Mpango ubadilishwe kwanza.

Kilomita 80 za Dar hazitawasaidia kupima siku huko. Chimala iko takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Mtu mwenye mazoezi, akiwa na mzigo kwenye baiskeli, hupanda kama mita 300 kwa saa. Hizo mita 1,500 basi ni saa tano za kukanyaga, kabla hamjahesabu kula, kupumzika na kusukuma baiskeli kwa mkono penye mawe. Ongezeni na hewa: kule juu shinikizo lake ni chini kidogo ya robo tatu ya lile la pwani, na mapafu yaliyotoka Dar juzi yatalisikia hilo. Kwa hiyo siku ya kwanza malizeni zile kona 57 za barabara ya kupanda Matamba asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha laleni Matamba. Uwanda wenyewe uwe wa siku ya pili, na muupe siku nzima. Safari yote ipeni siku tano, na ya sita iwe ya akiba.

Gia zenu ni nzito. Kwa meno 32 mbele na 36 nyuma, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika kwenye tairi la inchi 29, unakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa saa. Kwenye kilima cha kupanda chenye mwinuko wa asilimia 10, mtu na mzigo wake wakiwa na kilo 95, kasi hiyo inadai nguvu ambayo wengi hawawezi kuitoa kwa saa tano. Mtapunguza mizunguko, mtaanza kulazimisha pedeli, na magoti ndiyo yatakayoumia. Badilisheni ya mbele iwe na meno 28, au wekeni gia za nyuma zinazofika 46 au 50. Hilo la pili linahitaji cheni ndefu zaidi, na kihamisha gia cha nyuma kiwe na uwezo wa kufika huko. Fundi alipime kabla hamjanunua chochote.

Kuhusu Februari, naelewa hamu yenu. Maua hustawi kati ya Desemba na Aprili, na hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005 kwa sababu ya mimea hasa. Okidi peke yake ziko aina 45. Lakini huo ndio msimu wa mvua. Tope hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, ukungu unafunika njia, na radi za alasiri ni hatari kubwa kwa mtu aliye uwandani, mahali ambapo yeye na baiskeli yake ndio virefu kuliko vyote. Juni hadi Agosti ni kukavu, ila usiku baridi hushuka hadi majani yakaganda barafu. Chaguo langu ni mwisho wa Septemba na Oktoba. Kama maua ndiyo yanayowavuta, nendeni mwanzoni mwa Desemba, mwendo wa siku uishe saa nane mchana, na muongeze siku ya pili ya akiba.

Sasa Matema. Njia ya Bulongwa ni ya watembea kwa miguu, na Milima ya Livingstone inadondoka kutoka juu hadi ziwani, ambako maji yako takriban mita 475 tu. Kwa baiskeli yenye mizigo mtatumia siku nzima kuibeba na kuizuia isiwaponyoke, na akivunjika mtu mguu katikati, hakuna gari litakalomfikia. Tokeni uwandani kupitia Kikondo hadi Isyonje, mshike barabara ya Tukuyu, kisha Masoko, Ipinda na Matema. Ni mzunguko mrefu, lakini kila siku mnapita mahali ambapo gari linafika. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha njia yoyote ya nyikani: nikiumia hapa, ninatokea wapi? Andikeni jibu la kila siku kabla ya kuondoka. Chini kuna Hospitali ya Misheni Chimala. Upande wa Makete kuna hospitali za Bulongwa na Ikonda. Mwachieni mtu wa nyumbani ratiba hiyo pamoja na saa ya kuanza kuwatafuta, kwa kuwa mtandao wa simu utakatika mara kwa mara. Ramani zipakueni kwenye simu mkiwa bado Dar.

Miteremko ya kwenda ziwani ndiyo itakayozijaribu breki. Msizibane kidogo kidogo njia nzima. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, ziache zipoe. Kama ni za diski, wekeni pedi za chuma badala ya zile laini, ambazo zikipata maji na mchanga huisha haraka sana, na kila mtu abebe jozi ya akiba.

Vipuri vingine vigawanywe kati yenu wanne: tyubu, viraka, kiungo cha cheni chenye saizi yenu, spoku, na kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kihamisha gia kwenye fremu. Hiki msikisahau. Baiskeli ikianguka upande wa kulia hupinda au kukatika, na kila fremu ina cha kwake. Mafundi wa vijijini ni hodari wa kuziba pancha, kunyoosha rimu na kuchomelea, lakini mafuta ya breki za diski na vipuri vya aina hii hawana.

Mzigo ufungwe kwenye fremu, si mgongoni. Begi la kulalia liwe la kuhimili nyuzi sifuri. Fulana kavu iwe juu ya vitu vyote, muivae mara tu mnapomaliza kupanda, maana jasho likipigwa na upepo wa Kitulo ndilo linaloanzisha kutetemeka. Maji ya vijito yapo mengi, lakini juu kuna ng'ombe, kwa hiyo yachemsheni dakika tatu kamili. Kwa mwinuko ule huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Ndiyo sababu pia maharage makavu yatawamalizia gesi bila kuiva. Bebeni mchele, dagaa na karanga.

Vibali: waandikieni TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, mapema, mkitaja wazi kwamba mnataka kuendesha baiskeli na kupiga hema, kwani ni maombi mawili tofauti. Namba ya malipo ichukueni kabla ya kupanda. Ndani ya hifadhi tairi zisitoke kwenye njia iliyokwishakanyagwa. Mizizi ya okidi hizo imechimbwa miaka mingi kwa ajili ya chakula, na haistahili kubanwa na magurudumu yetu pia.

Mkisafirisha baiskeli kwenye buti la basi, toeni magurudumu, muweke kipande cha kadibodi ngumu kati ya pedi za breki, na diski ziwe juu ya mizigo yote. Diski ikipinda njiani, Chimala hamtapata nyingine.