Neno «bus» lilikatwa wapi?

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza neno la Kiingereza bus, ambalo ndilo lililotupa «basi» la abiria, limefupishwa kutoka neno gani. Limetoka kwenye omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya «kwa wote», na jinsi lilivyokatwa bado kunanishangaza mimi niliyesoma Kilatini seminarini.

Katika Kilatini, maana ya «-ote» inabebwa na mzizi omn-, ilhali -ibus ni kiambishi tamati tu, kinachoonyesha kwamba wengi ndio wanaopewa au kufanyiwa jambo. Waingereza waliutupa mzizi wakabaki na kipande cha kiambishi. Ni sawa na sisi tulichukue neno «nyumbani», tuiache «nyumba», halafu jengo zima tuliite «ni».

Safari ya neno hilo ilianzia Ufaransa, ambako Stanislas Baudry aliendesha magari ya farasi mjini Nantes kuanzia mwaka 1826, yakimbeba yeyote mwenye nauli. Husimuliwa kwamba jina lilitoka kwenye kibao cha duka la muuza kofia aitwaye Omnès. Ni simulizi tamu, lakini mimi siitegemei, kwa kuwa maana ya Kilatini inatosha kueleza kwa nini gari la watu wote liitwe hivyo. Tarehe 4 Julai 1829, George Shillibeer, fundi wa magari ya farasi aliyewahi kufanya kazi Paris, alianzisha huduma kama hiyo London, kutoka Paddington hadi Bank, gari likivutwa na farasi watatu waliofungwa sambamba, na abiria aliweza kulisimamisha njiani bila kukata tiketi mapema.

Haikupita miaka mingi watu wa mitaani wakalikata neno. Waandishi makini waliandika 'bus, wakitanguliza ritifaa, alama ile ile tunayoiweka katika «ng'ombe», ili kukiri kwamba kichwa cha neno hakipo. Zama hizo hizo cabriolet, gari dogo la kukodi, lilifupishwa likawa cab, ila hapo kilichokatwa ni mkia.

Nawaomba wasomaji wasilichanganye neno hili na «basi» letu la kukomesha jambo, ambalo asili yake ni Kiajemi. Konda anapopaza sauti mlangoni, «Basi, jamani, basi limejaa!», anatamka maneno mawili yasiyo na udugu wowote.